A12 yangu imechoka, nina laki nne na nusu. Nichukue simu gani itakayodumu kwenye kazi ya grenda?

#1 Grenda la Nkuhungu

Wakuu habari za jioni.

Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina Samsung A12, RAM 4, memori 64, niliinunua mpya mwaka 2021. Imenitumikia vizuri na sina ugomvi nayo, ila tangu mwaka jana inanitoa jasho. Ukiifungua WhatsApp inafikiria kwanza. Natoka nyumbani chaji 100, saa saba mchana nipo 20 natafuta soketi kwa mteja. Nikiweka sauti ya nje, mtu namsikia kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Juzi nimemaliza geti la watu, nataka kulipiga picha, simu inaniambia nafasi imejaa. Nikaanza kufuta picha za harusi ya mdogo wangu mteja akiwa amesimama pembeni ananiangalia.

Mimi ni fundi wa kuchomelea: mageti, grili, ngazi. Nipo Dodoma. Simu ndiyo ofisi yangu. Mteja anatuma picha ya geti aliloliona sehemu, nampigia hesabu, kianzio kinaingia kwa simu, namtumia picha kazi inavyoendelea. Natumia laini mbili na zote ni za lazima, moja ya wateja na nyingine ya familia na pesa.

Bajeti ni laki nne na nusu, nikijibana sana laki tano. Kijana wa duka moja hapa mjini ananishawishi nichukue simu anayosema ina RAM 16. Kaka yangu yupo Dar anasema niachane na mpya za bei hiyo, nipande treni nikachukue Pixel, zile simu za Google, ya mtumba Kariakoo. Mke wangu anataka iPhone, na nyote mnajua kwa nini.

Natanguliza shukrani.

#2 Msomaji Mkimya

Nimekaa siti ya mbele. Mimi nina A13 na hali ni hiyohiyo.

#3 Kirungu wa Ilemela

Nyuzi za "nichukue simu gani" humu zimejaa kama dagaa sokoni. Mngekuwa mnatafuta kwanza kabla ya kufungua mpya.

#4 Tabata Boy

Pixel 6a. Funga uzi.

Kamera yake kwa bei hiyo hakuna simu mpya inayoigusa. Usiku unapiga geti linaonekana kama mchana. Kaka yako ni mtu wa maana, msikilize.

#5 Mama Wawili

Kaka Grenda pole. Mimi sijui mambo ya prosesa ila nina ushauri mmoja tu: usichukue kwa mkopo. Mwaka jana nilichukua simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku, kampuni siitaji. Mwanangu akalazwa, nikachelewa siku tatu. Simu ikajifunga yenyewe nikiwa wodini, kioo chote ni tangazo la kulipa deni. Nilikuwa nahitaji kumpigia baba yake. Nikaazima kitochi cha mlinzi. Na nilipopiga hesabu ya malipo yote mpaka mwisho, ile simu ningeinunua moja na nusu. Hela ikiwa pungufu, subiri ujazie.

#6 Grenda la Nkuhungu

Mama Wawili pole sana dada, na asante. Mkopo sichukui, hela ipo mkononi.

Tabata Boy, hiyo 6a ina laini mbili?

#7 Tabata Boy

Ina laini moja ya kadi na eSIM, yaani laini isiyo na kadi inayowekwa ndani ya simu. Ya pili unaenda duka la mtandao wako wanakuwekea eSIM, ni dakika chache tu.

#8 Kirungu wa Ilemela

Fundi geti aanze kupanga foleni ya eSIM? Na simu ikizima ghafla site, ile laini anaitoaje aiweke kwenye kitochi? Laini ya kadi unaichomoa na pini unaendelea na maisha. Tabata Boy unampa mtu simu yako, humpi simu yake.

#9 Fundi Kioo

Nimekaa kimya nikisoma. Mimi natengeneza simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, mwaka wa tisa sasa. Pixel 6a ni simu nzuri, nimeitumia mwenyewe. Lakini kwa huyu bwana hapana, na laini siyo sababu pekee.

Ile simu ilitoka 2022. Hizi za mtumba zinazoingia zimeshatumika huko zilikotoka miaka miwili, mitatu. Na mwezi Julai 2025 Google wenyewe walisukuma apdeti ya lazima kwa baadhi ya 6a: betri ikishafikisha mizunguko 400 ya chaji, simu inapunguziwa uwezo wa kutunza chaji na kasi ya kuchaji, kwa sababu ya betri kupata moto kupita kiasi. Kabla ya hapo, Januari mwaka huohuo, 4a nayo ilipata apdeti ya namna hiyo, watu wakaja mezani kwangu wanalia kwamba simu imelogwa. Sasa mtu ambaye tatizo lake namba moja ni chaji kuisha saa saba unampa hiyo?

Mengine yametoka Marekani yakiwa yamefungwa kwa mtandao wa kule. Muuzaji anakuonyesha inawaka, inashika Wi-Fi, inacheza YouTube. Ukifika nyumbani ukaweka laini, inakuomba namba ya kufungulia. Kwa hiyo yeyote anayenunua mtumba, asilipe kabla hajaweka laini yake mwenyewe na kupiga simu palepale. Asipokee "laini hii haina salio lakini mtandao unasoma".

Grenda, nina maswali kabla sijakushauri cha kununua. Unapokata chuma, simu unaiweka wapi? Na mara ya mwisho umechungulia matundu ya spika lini?

#10 Mzaramo Asilia

Anachunguliwa mtu au simu 😂

#11 Grenda la Nkuhungu

Fundi Kioo, naiweka mfuko wa shati au juu ya benchi pembeni, kwa sababu wateja wanapiga muda wote. Nimechungulia sasa hivi baada ya swali lako. Matundu ya spika ya chini yameziba na kitu cheusi, nilidhani ni uchafu wa mfukoni. Nikagusa na pini, kitu kikasimama kama manyoya.

#12 Fundi Kioo

Nilijua tu. Huo ni unga wa chuma, mkuu. Spika yoyote ina sumaku ndani, ile ya chini na ile ya sikioni. Kila ukishika grenda, unga unaoruka unavutwa na ile sumaku unakaa kwenye wavu, na unasimama kama manyoya kwa sababu hiyohiyo. Ukikaa miezi, wavu wote unaziba, ukiwa mwingi unapenya ndani na kuanza kukwaruza kile kiwambo cha sauti. Hapo ndipo sauti ya pipa inapoanzia. Nawahudumia mafundi chuma wengi na simu zao nazijua hata kabla hawajasema kazi yao.

Usipulize na kompresa. Watu wengi mnafanya hivyo, ule upepo unausukuma unga ndani na unaweza kutoboa utando wa maiki. Chukua gundi laini, ile kama ulimbo ya kubandikia karatasi ukutani, bonyeza juu ya wavu na kuinua, bonyeza na kuinua. Kisha brashi laini ya meno, simu ikiwa imeelekezwa chini. Tundu la chaji lina unga pia, hilo usiliguse na pini ya chuma, tumia kijiti cha kuchokolea meno na simu iwe imezimwa.

Hata ukinunua simu ya milioni mbili leo, ukiiweka palepale juu ya benchi, mwakani itaongea kutoka kwenye pipa lilelile.

#13 Kirungu wa Ilemela

Haya sasa, huu ndio uzi. Naondoa maneno yangu ya juu.

#14 Binti Darajani

Fundi Kioo hii elimu ungeilipisha. Baba yangu ni fundi pia huku Unguja, kila mwaka anabadilisha simu akisema "za siku hizi hazina spika".

#15 Dogo wa Infinix

Naona mnazunguka tu, jamaa ameuliza anunue nini. Kwa 450 anapata Infinix au Tecno mpya ya boksi, memori 256, RAM 16, kioo kikubwa, betri 5000, na chaja ya haraka ndani ya boksi. Samsung kwa hela hiyo anauziwa jina tu.

#16 Fundi Kioo

Dogo, mimi siwachukii Tecno na Infinix, ndio wanaonipa ugali. Wote wawili na itel ni nyumba moja, Transsion, na ukweli ni kwamba vioo vyao vinapatikana kila kona kwa bei nafuu. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa Dodoma.

Ila hiyo RAM 16 tuiseme kama ilivyo. Ukisoma boksi vizuri imeandikwa 8+8. Hiyo nane ya pili siyo RAM, ni sehemu ya memori imeazimwa ikae badala ya RAM. Memori ni ya polepole kuliko RAM kwa mbali sana. Ni sawa na mgahawa wenye viti nane unaosema una kumi na sita kwa sababu kuna mawe nje. Watu watakaa ndiyo, lakini nenda kaangalie wanavyokula.

Na kamera vilevile. Simu inaandikwa megapikseli 50, ukipiga picha kawaida inatoka ya 12 na kitu, kwa sababu inaunganisha nukta nne kuwa moja ipate mwanga wa kutosha. Siyo wizi, ndivyo inavyofanya kazi, na za bei ghali zinafanya hivyohivyo. Lakini kumlipia mtu hela ya ziada kwa sababu ya namba iliyoandikwa mgongoni, hapana.

Unachotakiwa kumuuliza muuzaji ni jina la prosesa, aina ya memori (eMMC ya polepole au UFS ya haraka), aina ya kioo, na apdeti mpaka mwaka gani. Muuzaji asiyejibu hata moja, yeye anauza rangi. A12 yako Grenda inatumia eMMC, ni memori ya polepole, na ikijaa inazidi kuchoka kwa sababu kila ikitaka kuandika kitu inatafuta pa kukiweka. Ndiyo maana WhatsApp "inafikiria".

#17 Dogo wa Infinix

Sawa mkuu, hapo kwenye RAM nimekusoma. Lakini Infinix Hot 40 Pro ina prosesa ya Helio G99, hiyo huwezi kuipinga.

#18 Fundi Kioo

Siipingi. G99 kwa bajeti hii ni prosesa ya heshima. Angalia tu usichanganye na Hot 40i, majina yanafanana, ndani ni Unisoc T606, ni simu nyingine kabisa. Wauzaji wanapenda sana watu wasiosoma hiyo herufi ya mwisho.

#19 Mwana wa Luthuli

Salamu kutoka Nairobi. Huku Luthuli Avenue mambo ni yaleyale, wanauza "S24 Ultra" kwa bei ya mbuzi. Ukiishika, kalamu ipo, boksi lipo, ukiingia kwenye mipangilio imeandikwa RAM 16 memori 1TB. Ukihamishia filamu kumi za kwanza zinaingia, za baadaye hazifunguki kwa sababu nafasi yenyewe haikuwepo, ni namba tu imeandikwa. Binamu yangu aliuziwa moja kama hiyo. Kaka Grenda, ukiona bei imekuwa tamu sana, tembea.

#20 Shemeji wa Kibaha

Tumwache mke wa jamaa bila wakili? iPhone XR kwa laki nne na nusu anapata, simu ya heshima, video safi, na akichoka anauza.

#21 Kirungu wa Ilemela

XR ni ya 2018. Betri yake ni 2942. Kwa kazi ya Grenda hiyo itazima kabla chai ya saa nne haijaiva. Na iOS 26, mfumo wa iPhone uliotoka Septemba 2025, imeiacha nje, wameanza na iPhone 11 kwenda juu. Hapo hatujagusa zile zilizofungwa na akaunti ya iCloud ya mtu wa kule Ulaya, unabaki na kioo cha kujitazamia.

#22 Shemeji wa Kibaha

Kuachwa na iOS 26 haina maana imekufa. WhatsApp inafanya kazi kuanzia iOS 15.1 kwenda juu, XR ipo 18. Tusitishane.

#23 Kirungu wa Ilemela

Hilo nakubali. Lakini betri hujajibu.

#24 Shemeji wa Kibaha

Powerbank zipo 😂

#25 Grenda la Nkuhungu

Mke wangu amesoma post 21 na 24, amesema Shemeji wa Kibaha ni mtu mwenye busara.

Tuendelee. Kitu kingine sikukisema mwanzo: nafanya kazi juani. Nikiwa site saa sita mchana sioni kitu kwenye kioo cha A12, naiingiza simu ndani ya shati kama mtu anayewasha sigara kwenye upepo ndiyo nasoma ujumbe wa mteja. Hili linatokana na nini?

#26 Fundi Kioo

Hilo ni swali zuri kuliko RAM. A12 ina kioo cha IPS, mwanga wake ni mdogo, hakikujengwa kwa jua la Dodoma. Tafuta simu yenye kioo cha AMOLED chenye mwanga mkali. Hasara yake ni moja, kikivunjika kubadilisha ni ghali kuliko IPS, na kuna vioo vya kopi vingi ambavyo vinarudisha giza lilelile na vinakula chaji. Kwa hiyo weka kava nene na protekta siku ya kwanza, siyo baada ya ufa wa kwanza.

Kwa mazingira yako naona mbili. Redmi Note 13 ya 4G: AMOLED, Snapdragon 685, betri 5000, chaji ya wati 33. Au Samsung A16 ya 4G: Super AMOLED, Helio G99, betri 5000, chaji wati 25. Zote zina IP54, maana yake vumbi haliingii kirahisi na matone ya maji zinavumilia. Haimaanishi uizamishe, na haizuii sumaku ya spika kuvuta chuma, hilo litabaki juu yako.

Ningekuwa wewe ningechukua A16, kwa sababu moja ambayo wengi hawaiangalii. Samsung wameiahidi apdeti za miaka sita, ilitoka mwishoni mwa 2024, piga hesabu mwenyewe. A12 yako ilitoka na Android 10 ikaishia 12, basi. Wewe unatunza simu miaka minne na zaidi na pesa zako zinapita humo. Kwa mtu anayebadilisha kila mwaka nisingemwambia hivi.

Upande wa pili wa A16: haina tundu la earphone la kizamani. Na A17 imeshatoka, kwa hiyo muuzaji asikuuzie A16 kama vile imeshuka leo kutoka mbinguni. Bishana bei.

#27 Dogo wa Infinix

Redmi ina tundu la earphone. Nasema tu.

#28 Mzaramo Asilia

Fundi Kioo kwa nini usimuuzie kabisa, naona umemaliza kazi ya muuzaji 😂

#29 Fundi Kioo

Siuzi simu, natengeneza. Ndiyo maana nasema ukweli, simu ikifa anakuja kwangu.

#30 Kirungu wa Ilemela

Grenda, popote utakaponunua, kabla ya kulipa bonyeza *#06#, zitakuja IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, kwa sababu ni laini mbili. Linganisha na zilizoandikwa kwenye boksi, namba kwa namba. Kisha tuma IMEI kwa ujumbe wa kawaida kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu ya aina gani. Jibu likisema Nokia na wewe umeshika Samsung, rudisha taratibu uondoke. Wakongwe mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilipozimwa nchi nzima, jirani yangu aliamka asubuhi ana simu yenye saa na tochi tu.

Na kwa Samsung kuna *#0*#, inafungua ukurasa wa majaribio: rangi za kioo, spika, kamera, vyote unavijaribu pale pale kaunta. Kijana wa duka akinuna, mwache anune.

#31 Mama Wawili

Nimejifunza mengi leo. *#0*# nimejaribu kwenye yangu, imefunguka, kumbe kioo changu kina doa jekundu pembeni sikuwahi kuliona. Bora nisingejaribu.

#32 Grenda la Nkuhungu

Wakuu narudi na mrejesho, siku tisa zimepita.

Kwanza spika. Nilitafuta ile gundi sikuipata, nikatumia ulimbo wa dukani wa kuziba madirisha uliokauka nusu. Bonyeza, inua. Kilichotoka humo nilikifuta kwenye karatasi nyeupe nikapitisha sumaku ya kushikia chuma chini ya ile karatasi, kikaanza kutembea kama sisimizi. Saidia fundi wangu ameacha kazi akaja kuangalia. Nikampigia mke wangu, akaniuliza "umenunua simu mpya?" Nikasema hapana, nimeisafisha. Akakata.

Pili nafasi. Nikaingia WhatsApp, mipangilio, hifadhi na data, dhibiti hifadhi. Kundi moja la ukoo peke yake limekula GB 9. Video za asubuhi njema zenye maua na njiwa. Nimezifuta zote, shangazi asisikie. Simu ikapata pumzi kidogo, siyo sana.

Betri ndiyo ikakataa. Fundi wa hapa aliifungua akanionyesha imeanza kuvimba, ile kama chapati inayoinuka katikati. Akasema ningeendelea kuichaji usiku ikiwa chini ya mto ingekuwa hadithi nyingine. Ameweka nyingine.

Kwa hiyo kumbe simu niliyokuwa nataka kuizika ilikuwa na chuma masikioni, tumbo limejaa, na betri mbovu. Hapo nikataka kuahirisha kununua kabisa. Lakini jua bado silioni, yaani kioo, na programu ya benki inagoma mara kwa mara. Nikaamua nanunua.

#33 Grenda la Nkuhungu

Sikwenda Kariakoo. Nauli ya treni kwenda na kurudi na siku ya kazi iliyopotea, nikaona ile tofauti ya bei inaishia njiani. Nilizunguka maduka manne hapahapa mjini.

La kwanza, yule kijana wa RAM 16. Nikamuuliza memori ni eMMC au UFS. Akasema "ni original". Nikamuuliza apdeti mpaka lini. Akasema "hii inajiapdeti yenyewe".

La pili walikuwa na A16 ya boksi lililofunguliwa, wanasema "tulifungua kumwonyesha mteja". Nikabonyeza *#06#, IMEI ya kwanza ni sawa na boksi, ya pili tarakimu mbili za mwisho tofauti. Muuzaji akasema makosa ya kiwandani. Nikamwambia asante, wacha nikanywe maji nitarudi.

La tatu Redmi ilikuwepo, kioo kizuri kweli, ningeichukua. Walikuwa na ya memori 128 tu, na hawakutaka kushuka hata elfu kumi.

La nne mama mmoja mtu mzima, ana duka dogo, amekaa anashona kitambaa. Nikatoka naye nje juani, nikamwambia samahani mama, naomba niione hii A16 hapa. Akacheka, akasema wewe ni wa kwanza kujaribu simu juani, wengine wanajaribu kwa kujipiga picha. Nikaandika ujumbe nimesimama katikati ya jua la saa saba na niliusoma bila kuingia ndani ya shati. 15090 wakajibu Samsung. *#0*# nikapitia rangi zote. Aliniambia 480, tukabishana, nikaichukua kwa 455 pamoja na kava na protekta, risiti ya mashine na udhamini wa mwaka umeandikwa kwa mkono wake na muhuri.

Ndani ya boksi kuna waya tu, hamna kichwa cha chaja. Hilo hamkuniambia! Natumia cha A12 kwa sasa, inachaji taratibu.

#34 Tabata Boy

Hongera mkuu. Ila kamera ya Pixel utaikumbuka.

#35 Fundi Kioo

Hongera sana. Kichwa cha chaja kweli nilisahau, nisamehe. Tafuta cha Samsung cha wati 25, dukani kwao kabisa, usichukue vya elfu tano vya barabarani. Na usichaji kwenye soketi ya ukuta mmoja na mashine yako ya kuchomelea. Kila ukigusa chuma umeme unashuka, ukiinua unapanda, chaja inapigwa ngumi siku nzima. Chaji nyumbani.

Simu ikae wapi ukiwa unakata?

#36 Grenda la Nkuhungu

Nimetengeneza kiboksi cha mbao chenye kifuniko, nimekining'iniza ukutani mbali na benchi, upande ambao cheche haziendi. Sauti ya mlio nimeweka ya juu kabisa. Saidia fundi amepewa kazi ya kuja kuniita. Chuma hakikai humo, mbao tu.

Kuhamisha WhatsApp nilidhani itakuwa vita. Simu zote mbili karibu, ya zamani mipangilio, gumzo, hamisha gumzo, mpya ikatoa ile picha ya miraba, nikaipiga na ya zamani. Dakika kama arobaini, picha zote za mageti tangu 2021 zipo. Nimeliona geti la kwanza nililolipiga na ile A12, mshono umepinda kama nyoka. Mteja yule alilipa na hakusema kitu.

#37 Shemeji wa Kibaha

Na mke alisemaje?

#38 Grenda la Nkuhungu

Amejipiga picha tatu, amezikuza, akasema "siyo mbaya". Tangu jana simu ipo kwake. Mimi hapa naandika kwa kutumia A12.

#39 Mzaramo Asilia

😂😂😂 Nimekufa.

#40 Msomaji Mkimya

Mkuu kama hiyo A12 utaiuza na betri yake mpya, njoo PM tuongee bei. Nipo Dodoma hapahapa, Chang'ombe.